Pale Linapoota Ua la Jiweni

Mkunya, Newala

Mwanangu Ester,

Umetoka kwenda kumuaga bibi yako, na nimekuona unavyotembea haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kuaga kabla machozi hayajamuwahi. Nyumba imekuwa kimya. Baba yako yuko uani na sanduku lako, analifunga kwa kamba, analifungua, analifunga tena. Jua bado lipo. Nimekaa mlangoni na kalamu uliyoniachia, nikuandikie yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyasema miaka yote tuliyolala chini ya paa moja.

Kesho lori litakuchukua Newala likushushe Masasi, na kutoka Masasi utakwenda Ndanda kujifunza uuguzi. Habari za sabuni na nguo za kubadili na kuwaamkia wakubwa sitaziandika. Hayo unayajua, na usiyoyajua wenzako watakufundisha kwa kukucheka. Mimi nataka kukuandikia habari ya nywele zangu.

Hujaniuliza hata siku moja. Meno yako ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka, nawe ulikuwa umeshika kanga yangu pale uwanjani kwa jumbe, huku nikinyolewa kichwa mbele za watu. Najua unakumbuka, kwa sababu mpaka leo mtu akitoa wembe, hata wa kukatia kucha, unageuza uso. Shuleni walikuita mtoto wa mnyolewa. Siku moja ulirudi na gauni limechanika begani. Nikalishona. Wewe hukusema na mimi sikuuliza. Kesho unaondoka, na sitaki uondoke na hadithi uliyopewa na watoto wa watu kuhusu mama yako.

Nilipoolewa nikaja huku kutoka Kitangari, maji yetu yalikuwa Mikuyuni, chini kabisa ya mteremko. Wewe umezaliwa chemchemi ile inakaribia kufa, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Ilikaa gizani. Juu yake mikuyu na mizambarau ya porini ilikuwa imeshikana matawi hata mchana ukawa kama jioni. Chini kulikuwa na mawe yaliyolowa siku zote, na kati ya mawe kangaga zilizokufikia kiunoni. Juu ya mawe yenyewe, upande usiopigwa na jua, liliota ua dogo la zambarau lenye kitone cha njano katikati. Majani yake yalilala juu ya jiwe, yana manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Tuliliita ua la jiweni, basi. Halikuwa mboga wala dawa, na hakuna aliyejisumbua kulitafutia jina jingine.

Nyoka akamgonga mwanamke mmoja pale. Alipona, ila mguu wake haukurudi sawa. Wanawake wakaanza kuogopa kushuka. Mimi nilikuwa bibi harusi mgeni, nataka nionekane kuwa nimo. Nikasema mbele yao, "Tunaogopa nini? Tukate vichaka, tuviringishe mawe, tuchome, nyoka wakose pa kulala." Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Mama Saidi, wakati huo bado hana Saidi. Nyumba yake na yangu zilitazamana kama sasa, na yeye ndiye aliyekuwa shoga yangu wa kwanza katika nchi hii ya wakwe. Tulishuka na mapanga, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Wanaume wakaja kuangusha miti mikubwa. Tulipomaliza jua liliingia mpaka ndani ya maji. Tukaimba njia nzima ya kurudi.

Ua ndilo lililokufa kwanza. Kiangazi kilichofuata niliona majani yake yamekauka juu ya mawe, yamejikunja kama karatasi iliyoungua. Niliyaona nikajaza mtungi wangu nikapanda. Baadaye maji yenyewe yakaanza kurudi nyuma. Tukawa tunachota kwa kata badala ya kuzamisha mtungi, halafu tunafukua mchanga, halafu tunasubiri mchanga utoe jasho. Mwisho tukaiacha Mikuyuni, tukahamia Mwambani, ambapo unapajua, mwendo mrefu zaidi na mteremko mbaya zaidi. Watu walisema ni mvua. Wengine walisema ni Mungu. Hakuna aliyesema ni mapanga yetu, na mimi niliyeyaongoza nilikuwa wa mwisho kutaka lisemwe.

Lakini pale Mwambani, mara ya kwanza niliposhuka, nililikuta ua la jiweni. Lilikuwa limeota kwenye mawe yote ya juu. Nikasimama na mtungi mtupu kichwani mpaka wenzangu wakanisukuma.

Tangu siku ile sikutulia. Kila nilipopata sababu ya kushuka bondeni nilipitiliza. Nikienda kumwona mama yangu Kitangari, niliiacha njia ya juu nikapita ya chini, ya kando ya vijito. Nilikuwa nalitafuta. Nilitaka kujua linakaa wapi na linakaa na nani, kwa maana miti nayo ina majirani, kama watu. Penye matete matupu na jua sikuliona. Palipolimwa mpunga hadi ukingoni sikuliona. Penye mianzi sikuliona, hata maji yakiwapo, na sababu siijui mpaka leo. Lakini palipokuwa na mkuyu na mzambarau wa porini imeshikana juu, na jiwe limelipa mgongo jua la mchana, na kangaga chini yake, moyo wangu ulianza kwenda mbio kabla macho hayajafika. Na bado mara nyingi nilikuta kila kitu kipo, na lenyewe halipo. Nililiona Mwambani, na nililiona katika korongo jembamba lililo juu ya Mwambani, ambako hakuna anayepita. Basi. Kwingine kote miguu yangu ilikofika, mpaka mabonde yanayotazama Ruvuma, halikuwapo. Na nikaona jambo moja jingine: chini ya jiwe lenye ua lile maji hayakukatika, hata mwezi wa kumi, mihogo inapokunja majani na mbuzi wanapolamba ukuta.

Hapo ndipo nilipokosea, Ester, na nataka unielewe vizuri. Sikumwambia mtu. Baba yako nilimwambia nakwenda kutafuta kuni. Nilikuwa na haya ya Mikuyuni, hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa nimepata kitu ambacho si cha mume wangu, si cha wakwe, si cha mtoto mgongoni. Kilikuwa changu, na nilikifurahia hivyo hivyo kikiwa kimya. Sikujua kwamba mwanamke anayetembea peke yake mabondeni, anayepiga magoti mbele ya mawe, akikaa kimya watu humpa maneno yao.

Mama Saidi ndiye aliyenikuta. Nilikuwa kwenye lile korongo la juu, nimeinama, nimeshika udongo wa chini ya jiwe kuona umelowa mpaka wapi. Nilikuwa nikiimba polepole, kama nifanyavyo nikiwa peke yangu. Nikasikia jiwe limetikisika nyuma yangu.

"Mama Ester," akasema. "Unafanya nini huku?"

"Kuni," nikasema. "Natafuta kuni."

Akatazama mikono yangu. Ilikuwa na udongo. Akatazama chini, hapakuwa na hata kijiti. Alirudi nyuma hatua kwa hatua bila kunipa mgongo, na pale ndipo nilipotakiwa kukimbia nimshike mkono, nimwambie, "Shoga, njoo uone." Ningemwambia siku ile, mengi yasingekuwa. Niliona haya kwa ajili ya uongo mdogo, nikaulinda kwa kunyamaza.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda Nachingwea kwenye mashamba ya karanga. Mwambani palikuwa pamejaa: sisi wa Mikuyuni, wenyeji wa pale, na watu wa kilima kingine ambao kisima chao nacho kilikuwa kimekauka. Watu walikanyaga maji, watoto waliogea humo, mbuzi walishushwa humo. Maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Watoto wakaanza kuharisha na kutapika. Wewe ulishikwa, ukapona. Zuhura, kitinda mimba wa Mama Saidi, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede, alishikwa asubuhi na siku ya pili yake tukamzika.

Nilikwenda msibani. Nilipoingia, wanawake wakasogea. Si kwa kunipisha. Mama Saidi akainua uso akaniambia, sauti imemkauka, "Zilipatikana zile kuni?"

Nikakaa karibu na mlango, nikaondoka mapema, na hilo nalo likahesabiwa.

Baada ya mazishi akaja mganga kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Ulikuwa hujui wakati huo, lakini watu wa namna hiyo walipita sana. Alikuwa na dawa ya kunywesha na wembe wa kunyolea. Aliyenyolewa na kunywa dawa alihesabiwa ametakaswa, uchawi wake umekufa, anaweza kuishi na wenzake. Jumbe aliogopa kidogo. Alisema Boma halipendi mambo haya, na Bwana Mkubwa akisikia atamvua kofia. Lakini aliogopa watu wake zaidi, na Boma liko mbali na uwanja wake uko karibu. Jina langu lilitajwa bila kutajwa. Walisema, "yule wa mabondeni."

Baba yako alikaa siku nyingi bila kula vizuri. Halafu akaniambia, tukiwa shambani tunapalilia mikorosho, "Kubali tu, Mama Ester. Nywele huota."

"Unaamini?" nikamwuliza.

Akaendelea kupalilia. "Sijasema naamini. Nasema nywele huota. Mtoto wetu ataishi na nani hapa kama tukikataa?"

Mjomba wako alikuja kutoka Kitangari aliposikia. Unamjua mjomba wako, hana sauti ndogo. Alisimama pale uani akasema, "Dada, ukinyolewa umesema ndiyo. Utakuwa umesema ndiyo na kwa niaba ya huyu mtoto. Funga mizigo, turudi nyumbani." Baba yako akamjibu kwamba mke wake hafukuzwi kama kuku. Waliinuliana sauti, wewe ukalia, na mimi nilisimama katikati nikiwaza jambo moja tu: nikiondoka Mkunya, nani atajua kuhusu Mwambani?

Basi nilikubali. Nilijidanganya kwamba nimekubali kwa ajili ya amani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na aliyechoka huuza kitu chake cha thamani kwa bei ya usingizi.

Ulikuwapo. Sitakusimulia uwanja ulivyojaa. Nitakusimulia usiyoyaona kwa sababu uso wako ulikuwa umezama kwenye kanga yangu. Yule mganga alininyunyizia maji kichwani, maji ya Mwambani, yaliyotekwa asubuhi ile, yananuka tope. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hakunikata. Nilimtafuta Mama Saidi kwa macho. Nilidhani atakuwa amefurahi. Alikuwa amesimama kando ya jumbe, analia kama mimi. Mganga akaniuliza kwa sauti, "Umeacha?" Hakuuliza kama nilifanya. Aliuliza kama nimeacha. Na mimi nikasema, "Nimeacha."

Neno moja, mwanangu. Lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nywele ziliota, baba yako hakusema uongo. Lakini amani haikuja. Mtu aliyekiri hasamehewi, anavumiliwa. Kisimani niliteka wa mwisho. Nikitua mtungi, wenzangu waliondoa yao. Ngoma za unyago ziliniacha nje. Na wewe ulilipa pamoja nami, wakati hukuwa na deni. Nimeshawahi kukuona unacheza peke yako nyuma ya ghala, unajisimulia hadithi za watoto ambao hawapo, nikaingia ndani nikauma kanga nisitoe sauti.

Nilirudi bondeni, lakini si kama zamani. Nilikwenda kuteka tu. Nikilipita lile jiwe nililitazama kwa pembe ya jicho.

Halafu likaja suala la kusafisha Mwambani. Watu walikuwa wengi, pahali ni padogo, penye giza na utelezi. Mwanamke wa kilima kile kingine alianguka pale na mtungi, akapoteza mimba. Hasira ikapanda, na ilikuwa hasira ya haki. Jumbe akatangaza kwamba siku fulani wanaume wote washuke na mashoka, wanawake na mapanga, wakate miti, waviringishe mawe, pawe peupe. Niliposikia maneno yale niliyasikia kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya bibi harusi.

Ester, sikulala vizuri tangu tangazo lile. Nilijua watasema nini. Mnyolewa anatetea pango lake. Nilijua wanaweza kunipiga, kwa maana aliyetakaswa akirudia hana mwombezi. Nilijua baba yako atakuwa pale na shoka lake. Kimya ndicho kilichonifikisha kwenye wembe, na sasa kimya kilikuwa kinaniambia tena, kaa, usijitie. Kilikuwa na sababu nzuri kuliko mara ya kwanza: kilikutaja wewe.

Asubuhi ile nilikupeleka kwa bibi yako, nikashuka na watu. Nilikuwa nyuma. Tulipofika, wanaume wakaanza kuvua mashati. Mti wa kwanza waliouchagua ulikuwa mkuyu wa juu, ule ulioinamia jiwe lenye maua. Mtu akaupiga shoka la kwanza. Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua.

"Subirini."

Wakageuka. Hakuna kitu kizito kama macho ya watu wengi wenye mapanga.

Nikapanda juu ya jiwe. Jiwe linateleza, nikashika tawi. Nikawaambia yote, bila mpangilio. Nikawaambia kwamba Mikuyuni niliikata mimi, kwamba mimi ndiye niliyesema tukate, na wote waliokuwapo wanakumbuka. Kwamba ua hili lilikuwako kule, likafa kabla ya maji. Kwamba nimetembea mabonde yote mpaka yanayotazama Ruvuma nikilitafuta, na linaota hapa na korongoni hapo juu tu. Kwamba linataka kivuli cha miti hii na jiwe hili na kangaga hizi, na mahali lisipoweza kuishi na maji hayakai.

"Ndiyo kazi uliyokuwa unafanya bondeni?" mtu mmoja akasema. "Kutazama maua?" Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Mchawi anatetea nyumba yake," akasema mwingine. Yule mwenye shoka akalinyanyua tena. "Shuka hapo, mama. Shuka nisije nikakukata."

Sikushuka. Si kwa ujasiri. Nililing'ang'ania lile tawi tu.

Nikamwona baba yako. Alikuwa amesimama na shoka lake limelala begani, ananitazama kama mtu anayeona nyumba yake kwa mara ya kwanza kutoka mbali. Hakuja upande wangu, na hakwenda upande wao. Nimemlaumu kwa hilo miaka mingi, na nimeacha kumlaumu, na pengine nitamlaumu tena.

Aliyesogea ni Mama Saidi. Watu wakampisha, kwa sababu kila mtu alijua lililo kati yetu. Alikuja mpaka chini ya jiwe.

"Siku ile," akasema, "ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalitazama hili."

"Ukaniambia kuni."

"Nilikudanganya. Niliona haya."

"Haya ya ua?"

"Haya ya Mikuyuni. Na nilitaka liwe langu peke yangu."

Halafu akapanda. Jiwe lilikuwa linateleza, nikampa mkono, akaukataa, akapanda kwa magoti. Akainama mbele ya yale maua, karibu sana, akagusa jani kwa kidole.

"Mikuyuni lilikuwapo," akasema, hakuniambia mimi, aliwaambia wao. "Nalikumbuka. Jiwe zima. Nilikwangua kwa panga langu, nikasema linateleza." Akasimama, goti lake moja limelowa. "Huyu sijui alimfanya nini mwanangu. Sijui. Mungu ndiye anayejua. Lakini Mikuyuni naijua, tulikuwa wote. Msikate huku juu."

"Na wanaoanguka je?" akapiga kelele mwanamume wa kilima kile. Mkewe ndiye aliyepoteza mimba. "Waendelee kuanguka kwa ajili ya ua?"

Nilikuwa nimelitazama ua miaka yote, nikasahau kutazama pale wanawake wanapokanyaga. Alikuwa na haki. Nikamwambia, "Una haki." Nadhani hilo ndilo neno lililotuliza mashoka, kuliko yote niliyosema kabla.

Walibishana mpaka jua likafika utosini. Mwisho wakakubaliana kukata upande wa chini, wanawake wanapotua mitungi, na kuchonga ngazi kwenye jiwe, na kuacha upande wa juu wote. Mbuzi wakakatazwa kushuka. Baba yako ndiye aliyechonga ngazi nyingi kuliko wengine. Hizo ndizo ulizozikanyaga wewe ukikua.

Usidhani yalikwisha vizuri. Upande wa chini ua lilikufa lote, kiangazi cha kwanza tu, kama nilivyojua litakufa. Maji yamepungua, umeona mwenyewe, lakini hayajakatika. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi ya nywele zangu. Watu wengine waliacha kuondoa mitungi yao na wengine hawakuacha. Jioni ya siku ile baba yako aliniambia, "Ungeniambia." Nikamjibu, "Ungeniuliza." Tukacheka kidogo, cheko la watu waliochoka, na ndivyo tulivyorudiana.

Na Mama Saidi. Tunasalimiana. Nikipika kande nyingi nampelekea, akivuna njugu ananiletea. Lakini hatujawahi tena kukaa mkeka mmoja. Kuna mahali kati ya mlango wake na wangu ambapo yupo Zuhura, na hakuna kati yetu anayejua namna ya kupapita.

Ndiyo maana nimekuandikia, mwanangu. Si kukufundisha kusema ukweli, maana hilo ulifundishwa kanisani na nimeona halitoshi. Mimi sikusema uongo mkubwa maishani mwangu. Nilisema "kuni", na nilisema "nimeacha". Maneno hayo yaliniponyoka kwa sababu niliyaweka mambo yangu mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuyaona mapema, wakati bado ni madogo. Ukipenda kitu, hata kiwe kidogo cha kuchekesha, mwite mtu akione. Acha akucheke. Na watu wakikuzunguka wakakutaka ukubali jambo ambalo hukulifanya ili wote mkalale, usilale. Ningekwenda Kitangari na mjomba wako usiku ule ule, kuliko kulisema neno lile nawe umenishika kanga.

Nina jambo moja la kukuomba, na mkono unakuwa mzito kuliandika.

Huko uendako utafundishwa kilichowaua watoto mwaka ule. Nimemsikia mhudumu wa zahanati akisema ni maji, maji yaliyokanyagwa na kuchafuliwa na wengi. Kama ni hivyo, basi wengi wale walikuwa Mwambani kwa sababu Mikuyuni ilikufa, na Mikuyuni unajua nani alisema tukate. Nimekaa na wazo hilo miaka mingi. Uchawi wao nilijua si kweli. Hili sijui.

Ukishajifunza na ukawa na hakika, usije ukaniambia mimi kwanza, na usilipunguze kwa kunionea huruma. Siku utakayorudi, ukishuka kwenye lori, upite mlango wetu bila kuingia. Nenda moja kwa moja kwa Mama Saidi, mwamkie, kaa chini, umweleze mwanawe alikufa na nini. Mweleze yote, hata kama jibu lenyewe litavuka uwanja na kuja kubisha kwangu. Mimi nitakuwa nimekaa hapa mlangoni, na nitasubiri mpaka yeye mwenyewe aamue kuja au kutokuja.

Nakusikia unarudi. Unamsalimia baba yako.

Mama yako